Kwasari, vumbi lake na upepo unaolifagia

Swali: "Nimesoma kwamba kwasari huanza maisha zikiwa nyekundu, zimefunikwa na vumbi, kisha upepo unaotoka kwenye kwasari yenyewe huliondoa vumbi hilo, nayo ikabaki buluu iking'aa waziwazi. Kuna mambo yananitatiza. Kama katikati kuna shimo jeusi linalomeza kila kitu, upepo huo unatoka wapi? Na kama badiliko lenyewe huchukua mamilioni ya miaka, nani aliyeliona likitokea? Tena, galaksi yetu nayo iliwahi kupitia hayo?"

Jibu:

Kwasari, kwa ufupi, ni sehemu ya katikati ya galaksi inayong'aa mno kwa sababu shimo jeusi kubwa lililoko hapo linalishwa gesi. Nianze na upepo, maana ndio unaowatatiza wengi. Hautoki ndani ya shimo jeusi. Kilichokwisha kuvuka ukingo wa shimo hakirudi, na hakuna mwanafalaki anayedai vingine. Upepo ni gesi ambayo bado iko nje, inayosukumwa na nuru ya gesi iliyotangulia kuelekea shimoni. Jambo ambalo maelezo mengi hulipita juu juu ni kwamba gesi tupu ni ngumu kusukumwa na nuru. Kinachoipa nuru mahali pa kushika, hasa mbali na shimo, ni vumbi. Kwa hiyo vumbi si kizuizi kinachokaa kikingoja kuondolewa. Ndilo linaloiwezesha kwasari kujifunua. Nitakaa hapo kwa kirefu, kwa sababu ukishaelewa kazi ya vumbi, swali lako la pili linapungua ugumu.

Mtambo wenyewe niupitie haraka. Mwaka 1963 Maarten Schmidt aligundua kwamba kitu kiitwacho 3C 273, ambacho katika darubini kilionekana kama nyota ya kawaida, kina mistari ya haidrojeni iliyosogea upande wa nyekundu wa spektra (nuru iliyochanganuliwa rangi kwa rangi) kwa karibu asilimia 16. Maana yake nuru yake imesafiri takriban miaka bilioni 2 kabla ya kutufikia, na bado inaonekana kwa darubini ndogo ya mtu binafsi. Mwaka uliofuata Edwin Salpeter nchini Marekani na Yakov Zeldovich katika Muungano wa Kisovieti, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba nguvu hiyo inatoka kwa shimo jeusi kubwa linalolishwa gesi. Gesi haidondoki shimoni moja kwa moja. Huzunguka, hujipanga kuwa kisahani, tabaka zake husuguana, hupata joto kali na kung'aa. Njia hii hugeuza takriban asilimia 10 ya masi kuwa nishati, ilhali muungano wa haidrojeni ndani ya nyota hugeuza asilimia 0.7 tu. Shimo lenye masi ya Jua milioni 100, likipata gesi yenye masi ya Jua mbili hivi kwa mwaka, laweza kung'aa kama Jua trilioni 3.

Sasa, nuru husukuma. Kila fotoni, yaani chembe ya nuru, inayogonga elektroni huipa msukumo mdogo. Arthur Eddington alilionyesha hilo kwa nyota karne iliyopita: kuna kiwango cha mwangaza ambapo msukumo wa nuru kuelekea nje unalingana na mvutano kuelekea ndani, na kwa gesi tupu iliyovuliwa elektroni zake kiwango hicho hutegemea masi ya kitu cha katikati peke yake. Zile trilioni 3 nilizotaja ndizo kikomo cha Eddington cha shimo la Jua milioni 100. Kwasari nyingi zinazong'aa sana hukaa chini ya kikomo hicho, baadhi zikifika asilimia 10 yake tu, nyingine asilimia 50. Kwa hesabu hiyo peke yake hazikupaswa kuwa na upepo mkali. Lakini zinao.

Karibu na kisahani, maelezo ni atomu. Kaboni, oksijeni au nitrojeni iliyobakiwa na elektroni chache hufyonza nuru ya urujuanimno katika mistari maalumu ya spektra kwa nguvu inayozidi sana ile ya elektroni zilizo huru. Gesi ya namna hiyo hurushwa kwa kasi inayoweza kufika sehemu ya kumi ya kasi ya nuru, au zaidi. Tunaijua kwa sababu iko kati yetu na kisahani na inaacha mabonde mapana ya kivuli katika spektra, yaliyosogea upande wa buluu, ishara kwamba gesi inatujia. Roger Lynds aliyaona mabonde hayo mwaka 1967 katika kwasari PHL 5200, na leo tunayakuta katika kwasari moja kati ya kila tano hadi kumi. Kuna sharti moja tu: eksirei zisiwe nyingi mno. Zikizidi, hung'oa elektroni zilizobaki, atomu hubaki uchi, na nuru hukosa pa kushika.

Tukitoka mbali zaidi, vumbi linashika usukani. Vumbi la angani ni chembe za silikati na kaboni, nyingi ndogo kuliko elfu moja ya milimita, zilizotengenezwa katika tabaka za nje za nyota zinazozeeka na katika mabaki ya supanova, yaani nyota zilizolipuka. Kwa masi ni kidogo: katika galaksi kama yetu, kwa kila sehemu 100 za gesi kuna takriban sehemu 1 ya vumbi. Lakini kwa kuzuia nuru ya urujuanimno, hiyo sehemu moja huipita gesi yote inayoandamana nayo, kwa mara mamia. Na chembe hazisafiri peke yake. Hugongana na atomu za gesi, hubeba chaji ya umeme, hunaswa na usumaku, kwa hiyo zinaposukumwa huikokota gesi nzima. Vumbi ni tanga na gesi ni jahazi: nuru hulipiga tanga, chombo chote kikaondoka.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyosikika. Kikomo cha Eddington kwa gesi yenye vumbi hushuka mno. Kwasari inayong'aa kwa asilimia chache tu ya kikomo cha kawaida tayari ina uwezo wa kufukuza wingu jepesi lenye vumbi. Andrew Fabian na wenzake huko Cambridge walifanya hesabu hiyo miaka ya 2000 na kutabiri kwamba kutakuwa na eneo lililokatazwa: hatupaswi kukuta shimo jeusi linalong'aa juu ya kiwango hicho huku limezungukwa na vumbi la unene wa kati, kwa sababu hali hiyo haidumu. Mwaka 2017 kundi lililoongozwa na Claudio Ricci lilichapisha uchunguzi wa mamia ya mashimo meusi ya jirani yaliyopatikana kwa eksirei na satelaiti ya Swift. Eneo hilo lilikuwa karibu tupu. Kilichoamua kama shimo limefunikwa au la hakikuwa hasa ukubwa wa mwangaza wake, bali uwiano wa mwangaza huo na masi yake, yaani ukaribu wake na kikomo. Katika fani hii ambamo takwimu nyingi zinaweza kuvutwa huku na huku, matokeo hayo kwangu mimi ni miongoni mwa yaliyo imara zaidi.

Nimesema unene wa kati kwa makusudi. Wingu likiwa nene mno, nuru ya urujuanimno huishia kwenye uso wake wa mbele, na vumbi la mbele hubebeshwa mzigo wa gesi yote iliyo nyuma. Hapo kwasari inashindwa. Inabidi shimo liendelee kukua hadi mwangaza uongezeke, au wingu lenyewe lipungue kwa kutengeneza nyota. Kuna msaada mmoja: vumbi lililopashwa joto hutoa nuru ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na ndani ya wingu nene nuru hiyo hugonga chembe baada ya chembe kabla ya kupata njia ya kutoka, kila mgongano ukiongeza msukumo. Msaada huo ni mkubwa kiasi gani ndilo jambo linalobishaniwa na wanaotengeneza mifano ya kompyuta, kwa sababu nuru ni janja: ikikuta tundu katika wingu hupitia hapo na kuliacha wingu likiwa limesimama.

Vumbi pia lina mpaka wake wa ndani. Kwenye joto la takriban kelvini 1,500 chembe hugeuka mvuke. Kwa hiyo kila kwasari ina ukingo ambao ndani yake vumbi haliishi, na ukingo huo husogea kufuata mwangaza: mwangaza ukiongezeka mara 4, ukingo huenda nje mara 2. Kwa kwasari kali tunazungumzia umbali wa mwakanuru (umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka) mmoja hadi michache. Upepo wa atomu unaanzia ndani ya ukingo huo, upepo wa vumbi nje yake.

Rangi sasa. Kisahani chenyewe hung'aa buluu na urujuanimno. Vumbi hufyonza na kutawanya buluu kuliko nyekundu, kwa hiyo kwasari ileile ikitazamwa kupitia vumbi la wastani huonekana nyekundu, na kupitia vumbi zito haionekani kabisa kwa macho. Nishati yake yote hutokea upande wa pili kama infraredi. Ndiyo maana ukurasa huu wa historia haungeweza kuandikwa kwa darubini za kawaida. Ilibidi kungoja satelaiti ya IRAS, iliyorushwa mwaka 1983, ambayo ilikuta galaksi zinazotoa zaidi ya mwangaza wa Jua trilioni moja karibu wote katika infraredi. Mwaka 1988 David Sanders na wenzake walichunguza kumi kati ya hizo. Karibu zote zilikuwa galaksi mbili katikati ya kugongana. Wakapendekeza mfuatano ambao hadi leo ndio unaofundishwa: galaksi mbili zenye gesi nyingi zinagongana, mgongano unaipotezea gesi mzunguko wake, nayo inaporomokea katikati, nyota zinazaliwa kwa fujo na shimo jeusi linalishwa, yote yakiwa yamefichwa na vumbi, mwangaza wa shimo unaongezeka hadi linaanza kuifukuza gesi, kwa kipindi kifupi tunaona kwasari nyekundu, kisha kwasari buluu, halafu chakula kinakwisha na kubaki galaksi ya mviringo, yenye nyota kuukuu, na shimo lililolala.

Vielelezo vya kila hatua vipo. W2246-0526, iliyopatikana na satelaiti ya WISE, ilikuwa ikitoa nuru ya Jua trilioni 350 katika ulimwengu wa miaka bilioni 12.4 iliyopita, imezama kabisa katika vumbi. Darubini za ALMA nchini Chile zilionyesha mwaka 2016 kwamba gesi yake inachafuka katika galaksi nzima, na mwaka 2018 kwamba inafyonza galaksi ndogo tatu kwa wakati mmoja kupitia mikondo ya vumbi. Mwaka 2022 kundi moja lilitangaza GNz7q, kitu chekundu kilichokuwa kimejificha katika picha za zamani za darubini ya angani ya Hubble, kutoka miaka milioni 750 tu baada ya Mlipuko Mkuu, chenye sifa za nusu galaksi ya vumbi na nusu kwasari. Na Hubble ilipoelekezwa kwa kwasari nyekundu 13 zilizochaguliwa na kundi la Eilat Glikman na Tanya Urrutia, nyingi zilikuwa na mikia na vipande vya galaksi zilizogongana karibuni.

Hapo ndipo swali lako la pili linapouma, na una haki ya kuliuliza. Hakuna aliyeiona kwasari moja ikivuka kutoka nyekundu hadi buluu. (Utakutana na habari za kwasari zilizobadilika ndani ya miaka kumi, kama ile ambayo Stephanie LaMassa alieleza mwaka 2015. Zipo kweli, ila sababu yake ni kisahani kupungukiwa au kuongezewa gesi. Vumbi la umbali wa miakanuru haliwezi kuondoka haraka hivyo.) Tunachokiona ni umati wa kwasari, kila moja ikiwa imesimama katika hatua yake, na tunazipanga. Wataalamu wa nyota walifanya vivyo hivyo, na hawakukosea, lakini wao walikuwa na fizikia ya ndani ya nyota kuwathibitishia mpangilio. Sisi tuna mshindani mwenye nguvu: pembe ya kutazama.

Mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller walichunguza nuru iliyopolarishwa (ambayo mawimbi yake yameelekea upande mmoja baada ya kutawanywa) ya galaksi NGC 1068, ambayo ilijulikana kuwa haina mistari mipana ya spektra inayotambulisha gesi iendayo kasi karibu na shimo. Katika nuru iliyotawanywa, mistari hiyo ilikuwepo. Shimo linalong'aa lilikuwa limefichwa na pete nene ya vumbi, nasi tunaitazama kutoka ubavuni. Yule anayeitazama kutoka juu angeona kitu kingine kabisa, bila umri wa kitu chenyewe kubadilika hata siku moja. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: kwasari nyekundu ni kwasari za kawaida tu ambazo tunazichungulia kupitia ukingo wa pete. Hakuna utoto wala utu uzima.

Maelezo hayo yanatosha kwa nyingi, na usimwamini anayekuambia kila kwasari yenye vumbi ni changa. Lakini hayatoshi kwa zote, na sababu nzuri zaidi inatoka kwa redio. Lizelke Klindt na wenzake huko Durham walionyesha mwaka 2019 kwamba kwasari nyekundu hutoa mawimbi ya redio mara nyingi kuliko buluu za mwangaza uleule na umbali uleule, na kwamba ziada hiyo inatoka eneo dogo la katikati. Mwaka 2023 Victoria Fawcett na wenzake, wakitumia spektra za kifaa cha DESI kilichoko Arizona pamoja na darubini ya redio ya LOFAR ya Ulaya, walikuta kwamba kadiri vumbi linavyozidi, ndivyo uwezekano wa kuiona kwasari katika redio unavyopanda. Vumbi haligusi mawimbi ya redio. Yanapita kana kwamba hakuna kitu. Kama tofauti ingekuwa pembe ya kutazama tu, redio zingekuwa sawa. Tafsiri yao, ambayo mimi naiona ndiyo inayosimama vizuri zaidi, ni kwamba upepo au mikondo midogo ya kwasari hizo inagonga gesi yenye vumbi na kuzalisha mawimbi ya mshtuko yanayong'aa katika redio. Yaani tunaishuhudia kazi ya kufagia ikiendelea.

Ukikubali kwamba kipindi chekundu ni kipindi cha kweli, idadi inakupa muda wake. Glikman na wenzake walikadiria mwaka 2012 kwamba miongoni mwa kwasari zinazong'aa sana, kipindi chekundu huchukua asilimia 15 hadi 20 hivi ya urefu wa kile cha buluu. Na kwa kuwa kipindi cha buluu kwa jumla hukadiriwa kuwa mamilioni hadi makumi ya mamilioni ya miaka, hatua ya kufagia huenda ni mamilioni machache. Kidogo sana kwa galaksi.

Upande wa migongano ya galaksi mimi nina mashaka zaidi kuliko vitabu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 na Mauricio Cisternas na wenzake, kwa kutumia picha za Hubble, ulikuta kwamba galaksi zenye mashimo yanayokula kwa wastani hazina dalili za mgongano zaidi kuliko galaksi nyingine za kawaida. Kwa zile kwasari kali mno zilizojaa vumbi, mgongano unaelekea kuwa sababu. Kwa zilizobaki, gesi yaweza kufika katikati kwa njia za kimyakimya zaidi: mihimili ya nyota inayoivuta, au mawingu yanayodondoka kutoka nje ya galaksi.

Turudi kwa upepo, maana kipimo chake ndicho kinachoamua kama kwasari inajisafishia mlango tu au inaibadilisha galaksi nzima. Kwa karibu kabisa na shimo, kielelezo bora ni PDS 456. Mwaka 2015 Emanuele Nardini na wenzake, kwa darubini za eksirei XMM-Newton na NuSTAR, walionyesha kwamba upepo wake unakwenda kwa takriban theluthi moja ya kasi ya nuru na unatoka pande karibu zote, wala si mkondo mwembamba. Darubini ya Kijapani ya XRISM ilipoitazama mwaka 2024 kwa spektra kali zaidi, ule uliodhaniwa kuwa upepo mmoja laini uligawanyika katika vikundi vitano vya kasi tofauti, kati ya asilimia 20 na 30 ya kasi ya nuru. Upepo una mabonge. Hilo lina maana kubwa, kwa sababu mabonge hupenya gesi ya galaksi kwa namna ambayo wimbi laini haliwezi, na huenda yakapoteza nishati yake ovyo bila kuizoa gesi nyingi.

Kwa mbali zaidi kuna Markarian 231, kwasari ya jirani yenye vumbi, umbali wa takriban miakanuru milioni 600. Mwaka 2010 Chiara Feruglio na wenzake walipima molekuli za kaboni monoksidi zikitoka huko kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, kiasi cha masi ya Jua 700 hivi kila mwaka. Gesi ya molekuli ni baridi, ndiyo malighafi ya nyota. Kwa kasi ile, akiba ya katikati ingekwisha ndani ya takriban miaka milioni 10. Na mwaka 2015 Francesco Tombesi na wenzake walipata katika galaksi moja, IRAS F11119+3257, ncha zote mbili za mnyororo: upepo wa eksirei wa robo ya kasi ya nuru karibu na shimo, na molekuli zikikimbia nje kwa kilomita 1,000 kwa sekunde.

Kwa nishati, kwasari haina shida. Shimo linapokua hadi masi ya Jua milioni 100 hutoa nishati inayozidi ile inayozishika nyota za kitovu cha galaksi yake kwa zaidi ya mara 100. Joseph Silk na Martin Rees waliandika mwaka 1998 kwamba lazima basi shimo lifikie ukubwa ambapo linafukuza chakula chake lenyewe, na mwaka 2000 makundi mawili yalitangaza kwamba masi ya shimo inafuatana kwa ukaribu wa kushangaza na kasi za nyota za kitovu kinacholizunguka. Mfano wa kompyuta wa Tiziana Di Matteo, Volker Springel na Lars Hernquist wa mwaka 2005 ulitosheka na asilimia 5 tu ya nishati ya mwangaza kuingia katika gesi ili kuifukuza. Tatizo ni kwamba upepo mwingi unaopimwa hubeba chini ya hapo, na gesi nyingi inayorushwa haifiki kasi ya kuiaga galaksi. Hurudi. Kwa hiyo ninaposoma kwamba kwasari "huua" galaksi, huwa nakunja uso. Inafungua njia ya nuru yake kutoka katikati, hilo nakubali bila shida. Kwamba inazima uzazi wa nyota katika galaksi yote kwa pigo moja, ushahidi bado haujafika hapo. Yaelekea ni mapigo mengi, yakifuatwa na joto linaloizuia gesi ya nje isipoe na kudondoka tena.

Lingine ambalo halimo katika hadithi ya kawaida: upepo haufagii vumbi tu, huenda pia unalitengeneza. Martin Elvis na wenzake walipendekeza mwaka 2002 kwamba gesi inayotoka kisahani hupoa na kufikia hali ileile inayozaa vumbi kwenye nyota zinazozeeka. Mwaka 2007 darubini ya Spitzer ilikuta katika upepo wa kwasari PG 2112+059 alama za fuwele za silikati, pamoja na korundumu, madini yaleyale ya rubi. Fuwele hazidumu sana katika mazingira makali, kwa hiyo zilitengenezwa karibuni, na karibu. Aidha, darubini za VLTI nchini Chile zimeonyesha katika mashimo ya jirani, NGC 3783 ikiwa mojawapo, kwamba sehemu kubwa ya vumbi lenye joto haiko kwenye pete bali imepanda juu kuelekea ncha, kama inavyotarajiwa kwa upepo. Ile pete ya mwaka 1985, basi, huenda haijawahi kuwa kitu kigumu kilichotulia. Sehemu yake ni upepo wenyewe, unaopanda na kushuka.

Wala usifikiri kwasari ikishakuwa buluu upepo umekoma. J0313-1806, iliyotangazwa mwaka 2021, ilikuwa na shimo la masi ya Jua bilioni 1.6 miaka milioni 670 tu baada ya Mlipuko Mkuu. Tunaiona wazi, bila vumbi la kuizuia, na bado inarusha gesi kwa asilimia 20 ya kasi ya nuru.

Kuzimika kwa kwasari kunaweza kuwa kwa ghafla. Mwaka 2007 mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akisaidia kuainisha picha za galaksi kupitia mradi wa Galaxy Zoo, aliona wingu la ajabu karibu na galaksi IC 2497. Wingu linang'aa kana kwamba limemulikwa na kwasari, lakini katika galaksi hiyo hakuna kwasari kali leo. Nuru iliyoliwasha ilitoka kitambo na imechelewa njiani. Kwasari yenyewe ilififia ndani ya miaka isiyozidi 200,000. Kwa hiyo miaka milioni kumi ya maisha ya kwasari huenda ni jumla ya vipindi vifupi vingi vya kuwaka na kuzimika, na huenda shimo moja likapitia vumbi na ufagio zaidi ya mara moja.

Kuhusu galaksi yetu, Njia Nyeupe: shimo letu lina masi ya Jua milioni 4. Hata likila hadi kikomo cha Eddington, lingefika mwangaza wa Jua bilioni 130 hivi, ambao ni mdogo kwa kwasari ya kweli. Limewahi kuwaka, ingawa. Mwaka 2010 data za darubini ya Fermi zilifichua mapovu mawili ya mionzi ya gama yanayoenea takriban miakanuru 25,000 juu na chini ya katikati ya galaksi, na wengi wetu tunayasoma kama mabaki ya mlipuko wa shimo hilo uliotokea mamilioni machache ya miaka iliyopita, ingawa nyota zilizozaliwa kwa wingi na kufa pale katikati nazo zinaweza kuwa na mchango. Mwenye nafasi halisi ni jirani yetu Andromeda, ambaye shimo lake lina masi ya Jua milioni 100 hivi. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2025 zinaupa mgongano wa galaksi hizi mbili uwezekano wa takriban nusu kwa nusu ndani ya miaka bilioni 10 ijayo. Ukitokea, kitakachoamua kama kwasari itawaka ni gesi itakayokuwa imesalia, na galaksi zote mbili zinaendelea kuitumia kutengeneza nyota.